Chini ya Gari Dogo la Msasa

Mtaani kwetu mume wangu anaitwa Msasa, na jina hilo alilipata kwa haki. Tangu ujana wake alikuwa fundi rangi wa magari, na fundi rangi kabla hajapaka husugua. Alisugua milango ya watu, alisugua boneti za watu, na akirudi nyumbani alikaa akasugua vigari vyake vya mkononi, ambavyo hataki kabisa viitwe vya kuchezea. "Mtoto akikishika ni kichezeo," husema. "Fundi akikishika ni mfano."

Aliponioa nilimkuta navyo, vimejipanga dirishani kama wageni waliokataa kuondoka. Nilivipenda, sitasema uongo. Kisha ajali ikatokea, akavikusanya vyote na visu vyake na brashi zake, akavitia kwenye sanduku, akalifunga kamba na kulisukuma chini ya kitanda. Miaka yote iliyofuata nilifagia nikilizunguka lile sanduku kama mtu anayezunguka kaburi asilolijua.

Ajali yenyewe naisema sasa hivi, asije mtu akadhani naficha. Tulikuwa na pikapu ya buluu, kuukuu. Uwanja wa nyumba yetu unateremka mpaka kwenye ukuta wa jirani, na siku ile pikapu ilikuwa imeegeshwa juu. Niliingia ndani yake kuchukua kitu. Gari likaserereka kinyumenyume. Mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa hajaanza shule, alikuwa anacheza kule chini, na mguu wake ukabanwa kati ya gari na ukuta. Watu waliokuja mbio walinikuta natoka kwenye mlango wa dereva napiga mayowe, na kesi ikaishia hapo hapo. Wakasema ni mimi niliyeachia breki. Nilisema sikuigusa. Nilisema mpaka koo likakauka. Mume wangu alisimama mbele ya watu akatamka, "Huyu haambiliki. Mara ngapi nimemkataza kugusa gari?"

Mtoto alipokuwa bado hospitali, pikapu ikauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mtoto alipotoka, dada yake mume wangu akaja kumchukua. "Nitamlea mimi, wifi," alisema. "Wewe usije ukammalizia na mguu wa pili." Akamlea kweli, akamfundisha hata kumwita yeye mama. Uchungu nikaupata mimi, jina akalipata mwenzangu. Leo mwanangu ni mtu mzima, anashona viatu, ana kibanda chake, anatembea kwa mkongojo. Akija kwetu humwamkia baba yake shikamoo. Mimi huniambia, "Habari." Hilo tu, kama mtu anayepita dukani bila nia ya kununua.

Basi mwaka huu kifua cha Msasa kikagoma. Moshi wa rangi aliouvuta ujana wote ulikuwa umekaa humo ndani kama mpangaji mkorofi, na daktari akamkataza gereji. Akawa anashinda kwenye kiti anatazama mikono yake. Asubuhi moja nikamkuta amepiga magoti, analivuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

"Unataka nini humo?" nikamuuliza.

"Kazi yangu."

"Utatengeneza gari gani?"

"Ile pikapu."

"Pikapu ipi?"

"Kwani tulikuwa na ngapi?" Akapuliza vumbi, akakohoa. "Kijana kaniomba. Anasema hata sura yake haikumbuki. Anataka ajue ni kitu gani kilichomvunja."

Nikaondoka nikaenda kufua. Nilifua hata nguo zilizokuwa safi.

Alianzia kazi kwenye meza yangu ya kupigia pasi, katika chumba cha nyuma. Mikono ilikuwa imesahau. Mara ya kwanza alikata bati la kopo likaenda upande, mara ya pili gundi ikamnasa vidole viwili, akatukana peke yake. Lakini ufundi ni kama kuogelea, hauzami. Zikapita siku, nikaona mlango umetokea, kisha bodi ya nyuma, kisha usukani wa waya usiozidi kifungo cha shati. Alipolipaka buluu, lilikuwa zuri, na nikashusha pumzi. Gari jipya vile halikuwa gari langu. Lile langu halikuwahi kuwa zuri siku hata moja.

Kumbe hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Msasa huwa hamalizi mfano mpaka auzeeshe, na kuzeesha ndiko anakokupenda. Yeye huita kuchakaza. Chini ya ile buluu alikuwa amepaka rangi ya kutu na kunyunyizia chumvi ya jikoni, kisha buluu ikapita juu. Sasa akachukua mswaki na maji, akaisugua chumvi ikatoka, na kila punje ilipotoka rangi ikabanduka, kutu ikachungulia. Akasaga chaki akaipaka iwe vumbi. Akachovya sifongo kwenye rangi ya tope akagusagusa juu ya matairi. Kila nilipopita na beseni langu niliona jeraha jingine ninalolifahamu: kioo kilichopasuka pembeni, taa ya nyuma iliyofungwa utepe, kibonyeo cha mlangoni nilichokuwa nikiweka mkono nikifungua. Siku ile ilikuwa inarudi kidogo kidogo, inakuja ikitambaa, na aliyekuwa akiivuta kwa brashi alikuwa anapiga mluzi.

Wifi akaja kumjulia hali kaka yake. "Wifi, bado unayaogopa magari?" akaniambia mlangoni, akacheka. "Usiogope, hilo dogo analotengeneza kaka hata ukiliachia litaangukia kidole gumba tu."

"Karibu ndani," nikamwambia. "Ulimi wako usije ukapigwa jua."

Alipoliona lile gari kicheko kikamkatika. Aliinama, akalitazama, akanyooka. "Kaka, la nini hili?"

"Kijana kaomba."

"Mtu akiomba moto utampa akaufumbate?"

"Ni mfano tu, dada."

"Mfano wa nini?" akasema, na hakukaa hata kunywa maji. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kona. Mtu niliyemzoea kwa maneno ameondoka bila maneno. Jambo hilo halikunikalia vizuri.

Siku iliyofuata Msasa alishikwa na kikohozi akatoka nje kutafuta hewa. Nikaingia kufuta meza. Nililiinua lile gari kwa mikono miwili, kama yai, nikaligeuza ili lisiguse kitambaa cha maji.

Mafundi wa mifano wana kanuni yao: chini ya gari, pasipoonekana na mtu, ndipo pa kutengeneza kwa uangalifu kuliko juu. Kulikuwa na bomba la moshi, springi, mhimili. Na kulikuwa na waya mwembamba unaotoka mbele kuelekea magurudumu ya nyuma. Katikati waya ule ulikuwa umekatika, ukaungwa kwa waya mwingine, ule laini wa kufungia nondo, umesokotwa na kupindwa ncha. Kiungo kile nilikijua. Kamba yangu ya kuanikia ikikatika, mume wangu huiunga hivyo hivyo.

Akarudi akanikuta nimelishika.

"Weka chini. Rangi mbichi hiyo."

"Huu ni waya wa nini?"

"Wa breki ya mkono."

"Mbona una kiraka?"

"Ndivyo ulivyokuwa."

Aliyejibu alikuwa fundi. Mume alichelewa kufika. Nikaona uso wake unavyogutuka, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Ulikatika kabla ya ajali," nikasema.

"Mambo ya zamani hayo, mama watoto."

"Uliuunga wewe."

"Nilikusudia kununua mwingine. Wiki ile ile nilikusudia."

Sikupiga kelele. Kelele zangu zilikwisha siku ile ile uwanjani. Nililiweka gari mezani, likasimama kwa magurudumu yake. "Mwanao anakuja Jumapili," nikamwambia. "Usiufunike."

Pembeni ya kopo la gundi niliona kipande cha plastiki alichokwisha kukikata, kipana kiasi cha kuziba tumbo zima la gari. Toka siku hiyo akawa anafunga mlango wa chumba. Nilikuwa naisikia harufu ya gundi inapita chini ya mlango, namsikia anasugua, anapumua kwa shida, anasugua tena. Mtu asugue nini kwa siku zote hizo? Na mimi nikisema, nani atanisikiliza? Ni mwanamke yule yule asiyeambilika. Kama tumbo lile lingezibwa, maneno yangu yangezibwa nalo, na safari hii hadi tunazikwa.

Jumapili mwanangu akaja na wifi. "Shikamoo, baba," akasema. Akanigeukia. "Habari." Gari lilikuwa mezani, limefunikwa kitambaa, na Msasa alikaa kando yake kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

Mwanangu akaegemeza mkongojo, akafunua kitambaa. Alipitisha kidole kwenye kutu, kwenye bodi ya nyuma, palepale palipomgonga.

"Ndilo hili," akasema.

"Umeshaliona mwanangu, lirudishe," wifi akasema upesi. "Tukale."

Lakini mshona viatu akipewa kiatu huangalia soli. Akaligeuza.

Nilifumba macho. Niliyafumbua niliposikia sauti yake.

"Baba, waya huu mbona umeungwa?"

Halikuzibwa. Sijui ilikuwa dhamiri, au ni fundi tu aliyeshindwa kutengeneza uongo kwa mikono yake. Sikumuuliza, na sitamuuliza.

"Gari lilikuwa hivyo," Msasa akasema.

"Nani aliunga breki kwa waya wa nondo?"

Kifua kikapiga filimbi. "Mimi."

"Kaka!" wifi akaruka. "Si tulikubaliana kwamba..." Akauma mdomo, lakini neno likishatoka halishikwi mkia. Nikamtazama wifi yangu. Naye alijua. Alijua siku ile anambeba mtoto wangu mgongoni.

Mwanangu aliliweka gari mezani taratibu sana, kwa mikono iliyotulia mno, na utulivu ule ulinitisha kuliko ngumi. Msasa akainuka, akasema anahitaji hewa. Mwanangu akauchukua mkongojo akauweka mlangoni, kutoka mwimo hadi mwimo.

"Kaa, baba. Na wewe kaa," akamwambia shangazi yake, bila kumtazama.

Kisha akanigeukia. Niliona macho yake yote mawili, jambo ambalo sikuwa nimelizoea.

"Siku ile uliingia garini kuchukua nini?"

Miaka yote ile hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza hivyo. Sikulia, na sikumkumbatia. Nilivuta kiti, nikakaa mbele yao wote watatu, nikaanza kusema tangu asubuhi tulipoamka.