Kipindi cha Dakika Ishirini

Nyumbani walimwita Chiriku, maana tangu ajue kusema hakujua kunyamaza. Alipochaguliwa kusoma shahada ya mawasiliano na vyombo vya habari, mama yake alicheka hadi machozi: "Haya, mwanangu, mdomo wako umepata chuo!"

Mama alikuwa dobi wa hoteli kubwa, mwaka wa kumi na tisa sasa. Chiriku alipofika mwaka wa mwisho, alitakiwa kuandaa kipindi cha redio cha dakika ishirini kuhusu watu wasiosikika. Hakwenda mbali. Alimrekodi mama akimenya viazi, akisimulia mvuke unavyowaunguza madobi mikono, na jinsi msimamizi anavyowafungia mlango mpaka mashuka yaishe.

"Jina langu usilitaje."

"Sikutaji, mama."

Kweli hakumtaja. Ila sauti ya mtu aliyekaa mahali miaka kumi na tisa haihitaji jina. Kipindi kiliporushwa na redio ya chuo, mpishi mmoja wa hoteli alikisikia, akawatumia wenzake, hadi kikamfikia msimamizi. Jumatatu mama alirudi nyumbani saa tatu asubuhi, aproni kwapani.

Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akauliza tu, "Sasa nifanyeje?"

Chiriku alikimbilia hotelini. Msimamizi alimsikiliza akiwa amesimama getini, kisha akasema, "Nenda kwenye hiyo hiyo redio, useme ulitunga. Mama yako nitamfikiria."

Mhadhiri wake alipoelezwa, alivua miwani. "Ukisema ulitunga, binti, chuo hakitakuacha. Kughushi kazi ya mwisho ni kufukuzwa. Na isitoshe, hukutunga."

"Najua, mwalimu. Lakini mama ni mmoja."

Alhamisi aliingia studio, akavaa vipokea sauti, akasoma karatasi yake. Alisema hakuna mlango uliofungwa wala mkono ulioungua. Kwamba yote aliyatunga ili apate alama. Fundi mitambo, mwanafunzi mwenzake, alishindwa kumtazama.

Barua ya kufukuzwa ilitoka baada ya wiki mbili. Kutoka hotelini halikuja neno. Alipopiga simu, msimamizi alimjibu kwa upole kabisa: "Nilisema nitamfikiria. Nimemfikiria."

Jioni hiyo alimkuta mama jikoni, amekaa kwenye kigoda bila kazi yoyote. Akamweleza yote, la chuo na la hoteli, akilia kwa kwikwi.

Mama alikunja mikono ya gauni hadi kwenye viwiko. Makovu yalikuwa yamepanda mpaka juu, meupe, yanang'aa.

"Kazi ningetafuta nyingine," alisema. "Lakini wenzangu walikusikia, mwanangu. Mama mzima, na mtoto wangu mwenyewe ameniambia mbele za watu kwamba mimi ni mwongo."

Chiriku alitaka kumshika ile mikono. Mama akaishusha mikono ya gauni, akainuka, akaenda kulala kabla jua halijazama.