Siku Mama Alipokata Kahawa

Juzi, karibu na Embu, nilimwona mtu akikata miti ya kahawa kwa msumeno. Harufu ya mti mbichi ilinirudisha nyumbani kwetu Mikinduri, alasiri ile mama alipoikata yetu. Baba, aliyeipanda, alikuwa amefariki, nami niliamini kwamba huzuni imemtia mama wazimu.

Baba mdogo, Mutwiri, alikuja mbio na panga.

"Mwanamke wewe! Unaua shamba la ndugu yangu!"

"Imezeeka, Mutwiri. Itachipuka."

"Na watoto watakula visiki?"

Alimpiga mama begani kwa bapa la panga, mama akaanguka. Waling'ang'ania msumeno, na meno ya msumeno yakamchana mama kiganja. Damu ilidondoka juu ya unga wa mbao. Nilipiga mayowe, majirani wakaja, wakamkokota baba mdogo hadi barabarani akitutukana.

Mama alifunga kiganja kwa kitambaa cha kichwa.

"Acha kulia, Kendi. Shika huu mti usiyumbe."

Niliushika, na kila msumeno ulipokwenda, kitambaa kilizidi kuwa chekundu.

Sasa najua kahawa iliyozeeka hukatwa hivyo, kisha unangoja miaka miwili hivi ndipo izae. Tuliingoja, mama akifanya vibarua.

Siku hizi mimi najifunza kushona peke yangu. Mshono ukipinda kidogo tu, nafumua gauni lote, halafu naogopa kulirudia. Jioni ile ya juzi nilikuta gauni nililofumua mwisho pale nilipolitupa, vipande vipande. Niliviokota, nikatunga uzi kwenye sindano.