Orest Aoka Viatu

Orest Wasylyk alikuwa na dharau ya kumtosha kila mtu mjini, na iliyobaki aliipeleka nyumbani. Tangu ujana alikuwa beki wa timu ya hoki ya barafuni, na yeyote aliyeteleza na vifundo vya miguu vimelalia ndani alimbatiza Miguu ya Uji. Mwalimu Loewen alibatizwa hivyo, kasisi naye, na Brandt, mume wa binti yake, aliitwa hivyo mbele ya wageni siku ya harusi.

Lakini waliomkera kupita wote ni waokaji. Siku hizi kiatu kipya cha kutelezea barafuni, kigumu kama ubao, hutiwa kwenye oveni kidogo kilainike, kisha mtu hukivaa kingali cha moto na kuketi mpaka kipoe na kushika umbo la mguu. Duka la pale uwanjani lilikuwa na oveni yake, na Orest akiwaona wateja wameketi kimya alikuwa akicheka kwa pua tu. Yeye na baba yake walilainisha viatu kwa maji ya moto na malengelenge, na asiyeweza akacheze karata.

Novemba ile viatu vyake vya zamani vikapasuka. Akanunua vipya, akaviloweka, akavivaa vikichuruzika maji na kutembea navyo sebuleni wiki nzima, vyuma vya chini vimevishwa mpira. Viatu havikulegea. Kilicholegea ni ngozi ya visigino vyake.

"Mzee, hiyo damu kwenye zulia nani ataifua?" Nettie, mkewe, alimuuliza.

"Itakauka."

"Si uvipeleke dukani vitiwe kwenye oveni kama vya wenzako?"

"Nimeoa mwokaji. Sikuomba kuwa mmoja."

Jumamosi palikuwa na mechi dhidi ya mji wa jirani, na nahodha alikuwa Brandt. "Baba, sikufichi," alimwambia. "Usipoweza kuteleza Jumamosi, nafasi yako nampa mwingine. Na nikishampa, ndiyo basi tena."

Hilo lilimchoma kuliko visigino. Bila nafasi ile Orest angekuwa nani? Mzee wa mdomo tu, na wa aina hiyo mji ulikuwa nao tele.

Ijumaa, Nettie alipokwenda kanisani kukunja pierogi, vile vipande vya unga vinavyojazwa viazi, na akina mama wenzake, Orest alifunga mapazia. Mapazia, kwa ajili ya viatu. Akawasha oveni kwa moto mdogo, akavipanga kwenye sinia ya biskuti, kisha akavivaa na kukaza kamba. Vilimkumbatia miguu vizuri mno, na raha yenyewe ikamtia hasira. Sharti lilikuwa moja tu, asisimame mpaka vipoe.

Mlango ukagongwa.

"Baba, upo?" Brandt aliita toka nje. "Nimekuletea bandeji."

Mtu mwenye akili angejibu kwamba ameoka viatu, asubiriwe. Orest alisimama. Akaenda kuficha sinia, akafungua dirisha harufu ya gundi ya viatu itoke, akafika mlangoni na mwili wake wote mnene juu ya viatu laini, akijifanya mtu anayetembeatembea kama baba yake alivyomfundisha.

Brandt alinusa. "Kuna kitu kinaungua?"

"Mama mkwe wako huyo. Miaka yote hii hajajua kupika."

Nettie hakuwepo kujibu. Orest akamzuia kijana palepale kizingitini asiingie jikoni, akamsimulia habari za theluji na bei ya ngano, na baridi ya nje ikavipoza viatu vikawa vigumu vivyo hivyo, vikiwa vimelalia ndani kwa uzito wake.

Jumamosi alishuka barafuni kifua mbele. Vifundo vikaanguka ndani vyote viwili. Akajaribu kugeuka kushoto, akaenda kulia. Akajaribu kusimama, akaukumbatia ukuta. Uwanja mzima ulimjua na uwanja mzima ulimwona. Alisubiri mtu amwite kwa lile jina, maana angalau angepata wa kugombana naye. Hawakumpa hata hilo.

Mwalimu Loewen alifungua lango la kuingilia barafuni na kusukuma ndani kile kiti ambacho watoto hujifunzia kuteleza.

"Shika, Orest," alisema kwa upole. "Ukikiegemea hivi huanguki."

Brandt alikuwa ameshageuka, anamwita mwingine. Orest alikitazama kiti, akatazama lango la kutokea lilivyokuwa mbali. Akakishika.