Farao Aliyekataa Kuchapa

Juzi bosi wetu mpya alimuuliza mhudumu mkongwe wa ofisi, “Wewe ni nani?” Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, ya mazoezi ya igizo kanisani kwetu Makutupora, harufu ya zabibu zilizoiva ikiingia dirishani. Mimi nilikuwa Farao, na nilidhani Farao ni mtu yuleyule kuanzia Mwanzo hadi Kutoka. Nikakataa kuwachapa Waisraeli.

“Yusufu, ndugu yao, alimwokoa Farao na njaa,” nilimwambia mwalimu. “Aliyekulisha uwele mwaka wa njaa ni ndugu yako.”

“Farao ni cheo, binti. Huyu ni mwingine, hakumjua Yusufu.”

“Kwao hawakumsimulia?”

Wenzangu walicheka. Leo najua kwamba wafalme walipokezana cheo, kumbukumbu ikabaki kaburini. Siku ile nilivua taji langu la boksi, nikaenda kuketi na Waisraeli.