Miguu ya Bathsheba

Kumbe jasho la filamu hutoka kwenye chupa! Bathsheba Nyakerario alikuwa amepigana ndondi miaka tisa na kuvunjwa pua mara mbili, lakini hakuwahi kuona bondia akisimama ulingoni huku mtu akimpulizia jasho usoni kwa chupa, kama anayenyunyizia nyanya dawa. Leo aliona, na filamu yenyewe ilikuwa ya maisha yake.

Watu wa filamu walitoka Nairobi wakajenga ulingo wa mbao katika uwanja wa shule, nje kidogo ya soko la Marani. Kijiji kizima kikahamia hapo. Bathsheba wa ujana aliigizwa na Ashley, msichana mrembo, mcheshi, aliyejua kulia akiambiwa alie. Ila miguu yake, jamani! Alirukaruka kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto.

"Kata!" dairekta Anyona akapaza sauti kwa mara ya kumi na moja. Akamgeukia Bathsheba. "Mama Bravin, tufanye hivi. Uso uwe wa Ashley, miguu iwe yako. Vaa kaptura, upigane raundi moja tu. Kamera itakaa chini. Nani atajua?"

Bathsheba hakungoja kubembelezwa. Tangu aolewe, mwaka wa kumi na mbili sasa, mikono yake ilikuwa ya kuchuma chai na kukama. Alikimbilia hemani, akavaa kaptura nyekundu, akakaza buti. Kisha akachungulia nje, na moyo ukampiga paa!

Mbele kabisa, hatua tatu kutoka ulingoni, aliketi baba mkwe wake, mzee Manasseh, kofia magotini.

"Nani amemketisha pale?"

"Ni mimi," Anyona, aliyeingia hemani na Ashley, akajibu kwa fahari. "Si ni babake bwanako? Mgeni wa heshima hukaa mbele."

Jina la Anyona lilikuwa la Kikisii, lakini Nairobi ndiko alikozaliwa na kulelewa, na mambo ya chinsoni, ile miiko ya heshima kati ya wakwe, hakufunzwa na mtu. Kwa Wakisii, baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa mbali. Baba mkwe haingii chumba chake, wala hamkuti akiwa amevaa nusu. Sasa ayaone mapaja yake, tena mchana kweupe, mbele ya Marani nzima? Mzee angeinuka aende zake bila neno, na pengine asikanyage tena kwa mwanawe. Na huyu ndiye aliyemtetea peke yake siku ya mahari, ndugu za mzee waliposema bondia atakuja kumpiga mtoto wao.

"Si umwambie tu aondoke?" Ashley akasema.

"We mtoto! Nimfukuze mzee mbele za watu?"

Akajifunga leso kiunoni. Anyona akashika kichwa.

"Bondia gani hupigana na leso, mama? Jua linashuka, na kesho tunaondoka. Kama huwezi, raundi hii naitoa."

"Utoe raundi niliyoshinda? Basi watu watajuaje kama nilishinda?"

"Wataambiwa."

Bathsheba akaketi juu ya sanduku la nyaya. Machozi yalimkaribia, na yeye hakulia hata pua ilipovunjika. Taratibu akaanza kufungua buti.

Lakini turubai halizuii maneno. Huko nje, kupitia upenyo wa hema, mzee Manasseh alionekana akiinuka. Bathsheba akafumba macho: basi, ameshaondoka. Alipoyafumbua, mzee alikuwa amenyanyua kiti chake cha plastiki, akakigeuza, akaketi tena, mgongo kwa ulingo, uso kwa mashamba ya chai. Umati ukaangua kicheko.

"Mzee, vita viko huku!" jirani yake Osoro akamwita.

"Mimi nimekuja kuangalia majani chai," mzee akasema kwa sauti ya kufika hemani. "Nyinyi endeleeni na kazi."

Buti zikakazwa tena, na leso ikaanguka kando ya ulingo. Bathsheba alipanda ulingoni kama aliyefunguliwa kamba. Mpinzani wake alikuwa Gesare, bondia kijana wa Nyansiongo, aliyeambiwa apigane kwa kuigiza. Lakini mwili una kumbukumbu zake: miguu ikateleza kushoto, bega likashuka, ngumi ikatoka kabla Bathsheba hajaiita. Pu! Gesare akaketi kitako.

"Kata! Hiyo hiyo!" Anyona akaruka.

Bathsheba akaokota leso, akajifunga upesi.

"Mama Bravin," mzee akaita, bila kugeuza hata shingo. "Ile ya mwisho ilikuwa ya kushoto?"

"Ndiyo, baba."

"Nilijua. Imesikika nzito." Macho yake yakabaki kwenye majani chai. "Na huyo mwingine, ameamka?"

"Ameamka, baba," Bathsheba akajibu, akacheka mpaka akashikilia kamba za ulingo.