Maziwa Yaliyokosa Mnunuzi

Mwaka ule nyumba yetu ya Kirua Vunjo ilinuka mkaratusi. Sufuria kubwa, ile ya kupikia makande kwenye misiba, ilikaa juu ya mafiga tangu asubuhi, imejaa majani ya mkaratusi, mchaichai, maganda ya limau na tangawizi iliyopondwa. Kila aliyerudi kutoka sokoni au kanisani alifunikwa blanketi na kuinamishwa juu ya mvuke mpaka machozi yamtoke. Harufu ile iliingia kwenye sare zangu za shule, kwenye mito, hata kwenye mtori wetu wa ndizi. Nilikuwa kidato cha pili. Baba alikuwa mpishi wa mlimani, akiwapikia watalii kambini, na watalii walipoacha kuja alirudi kwenye kihamba, shamba letu la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, akawa anapalilia huku akipiga miluzi kama mtu aliye likizo. Muda mfupi kabla ya masika alianza kukohoa. Tulimfukiza. Tukamfukiza tena. Alipoanza kuhema kama mtu anayepanda mlima na mzigo mgongoni, Mama alitafuta gari akampeleka hospitali mjini Moshi. Hakurudi akiwa hai.

Kwenye mazishi, wasifu wa marehemu ulisomwa na Baba mkubwa, kaka yake Baba na msemaji wa ukoo. Alisoma kwamba mdogo wake alipatwa na changamoto ya kupumua. Watu wakainamisha vichwa. Maneno hayo yalisomwa kwenye makaburi mengi ya huku kwetu mwaka ule, na hakuna mtu mzima ambaye hakujua yalichokuwa yanafunika. Wageni walipopungua nilimsikia Mama akimwuliza, "Shemeji, mbona hukuutaja ugonjwa?" Baba mkubwa akamjibu kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "Ningeutaja, nani angebaki hapa msibani?" Mama akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi kimeshatuumbua." Alisema bila machozi, akiwa anasugua sufuria, na mimi niliyekuwa namwagia maji nikahisi kwamba kuna kitu kimekauka ndani yake na kuwa kigumu.

Masika yakaingia, njia zikawa matope matupu, na Mama akaanza kungoja. Alikuwa na pumu tangu utoto wake. Usiku nililala nikisikiliza filimbi ndogo ya kifua chake kutoka chumba cha pili, nikiomba isikatike, kwa sababu mdogo wangu alikuwa bado darasa la pili na mimi sikujua hata kukamua ng'ombe vizuri. Redio ilisema nchi nyingine watu wanachanjwa. Kila alipopeleka maziwa barabarani Mama alipitia zahanati, na muuguzi, dada mmoja mrefu kutoka Sanya Juu, alimpa jibu lile lile: "Shikamoo mama. Bado. Ikija utasikia." Mama alisema ahsante, akarudi. Majirani walimwona akiingia na kutoka, wakaanza kumcheka. Walisema mjane huyu amechanganyikiwa kwa uchungu, anangoja sindano kama mtu anavyongoja mgeni wa kutoka Dar.

Chanjo ilifika wakati wa baridi, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye migomba na kahawa ikianza kuiva. Zikafika na hadithi zake. Anayechanjwa hatazaa. Anayechanjwa hatafikisha Krismasi. Mwenye pumu, huyo ndiye wa kwanza kuondoka. Baba mkubwa alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akakataa chai. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alimwambia Mama. "Tumemzika mmoja. Ukienda huko umejitoa mwenyewe. Likikupata la kukupata, usituite." Mama alikuwa amesimama mlangoni. "La kunipata limeshanipata, shemeji," akasema. "Na niliwaita. Mkaja na majani ya mkaratusi." Baba mkubwa alinyanyuka akaondoka bila kuaga.

Jumamosi Mama alivaa kitenge chake cha kanisani, nikamsindikiza. Njiani alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipokuwa mdogo, na kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho kwenye baridi ile. Zahanati haikuwa na foleni ya maana, wazee wachache tu na mwalimu mmoja mstaafu, wamekaa mbalimbali kwenye benchi kama watu wasiotaka kutambuana. Muuguzi alimwuliza kama ana ugonjwa wowote, akasema ana pumu. Akamwuliza kama nyumbani kuna aliyewahi kuugua. Mama akageuka kidogo kuelekea benchi, akapaza sauti. "Mume wangu alikufa kwa korona." Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno lile kutoka kinywani mwa mtu wa familia yetu. Mwalimu alivua kofia yake. Sindano yenyewe ilikuwa jambo dogo, haikuchukua muda wa kumeza mate.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, alikuwa na homa, mkono umemvimba, meno yanagongana. Baba mkubwa alikuja mapema, akasimama mbali kidogo kwenye migomba, akaniuliza, "Mama yako ameamka?" Kabla sijajibu Mama alitoka akiwa amejifunga kanga, akachukua mundu, akakata mzigo wa majani ya ng'ombe, akajitwika kichwani na kupita mbele yake. "Habari za asubuhi, shemeji," akamwambia. Alipohakikisha ameondoka alijitupa kitandani, akatetemeka hadi jua linazama. "Ole wako umwambie mtu," alinionya. Sikumwambia mtu.

Jumapili iliyofuata alikuwa mzima, akabeba ndoo ndogo ya maziwa kwa ajili ya sadaka. Kwetu, baada ya ibada, mazao yaliyotolewa hunadiwa nje ya kanisa: mayai, parachichi, mikungu ya ndizi, na watu hushindana kwa vicheko. Mzee wa kanisa alinyanyua ndoo yetu. Kimya. Akataja bei ya chini. Kimya. Watu walitazama viatu vyao. Nyuma yetu mwanamke mmoja alinong'ona kwamba ni maziwa ya yule aliyechanjwa. Nilitamani tuondoke. Mama akasogea mbele. "Basi nayanunua mwenyewe," akasema, akalipa, akafungua ndoo, akachota kwa mfuniko na kunywa taratibu mbele ya usharika wote. Akafuta midomo. "Maziwa ni ya ng'ombe. Na huyu ng'ombe daktari wa mifugo alimchanja siku nyingi, mkawa mnayanywa na kunisifia." Mzee wa kanisa alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka, na kicheko kikazagaa kwa baadhi. Wengine hawakucheka. Kuna nyumba ambazo hazikurudi kununua maziwa kwetu, na mpaka leo hatusalimiani nazo vizuri. Lakini wiki ile ile wanawake walianza kuja kwa njia ya uchochoroni kumwuliza Mama alijisikiaje, kwa sauti za chini. Yeye aliwajibu kwa sauti ya juu, barabara nzima isikie.

Siku hizi nina cherehani yangu Pasua, mjini Moshi, nashona magauni, na wateja wakiugusa mwaka ule huuongelea kama mvua iliyopita, wengine wakiniuliza kama kweli ulikuwa ugonjwa au maneno ya watu tu. Nasimamisha cherehani na kuwataja majirani tuliowazika, mmoja mmoja, kwa majina. Nimeambiwa ninapoteza wateja. Na wapotee. Mwaka jana, kwenye kipaimara cha mdogo wangu, ukoo wote ulikuwa uwanjani kwetu, na Baba mkubwa, ambaye hakuchanjwa na ni mzima wa afya, alisimama na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi akasema tusilaumiane, maana wakati ule sote tuliogopa. Watu wakaitikia. Mama alikuwa akigawa nyama, bado na filimbi yake kifuani. "Ni kweli, shemeji," akasema, "sote tuliogopa. Mimi niliogopa nikaenda." Akamwekea Baba mkubwa kipande kizuri, kama anavyostahili mkubwa wa ukoo, akaendelea na meza inayofuata.