Mwalimu Unaonaje na Mablanketi Yangu

Mke wangu anafundisha fizikia chuo kikuu, na wanafunzi wamembatiza Mwalimu Unaonaje. Muulize chochote, atakurudishia: wewe unaonaje? Hata mimi mumewe, nikitaka kujua kama shati limenikaa vizuri, napewa jibu hilohilo. Mwenzenu nimeshazoea.

Muhula huu aliacha kufundisha kwa imla. Aliingia ukumbini, akawauliza kwa nini wanaoketi nyuma hawamsikii vizuri, akawaambia wakatafute wenyewe. Basi darasa zima likainama, likaandika swali, likalipigia mstari, likangoja jibu kalamu mkononi. Wa nyuma, maskini, wakawa wanaulizana amesemaje. Alipotoka bila kujibu, wengine walikwenda moja kwa moja kumshtaki kwa mkuu wa idara.

Mkuu huyo, mtu wa imla tangu ujana wake, hakumficha: wanafunzi wasipoonyesha walichojifunza mwisho wa muhula, somo atapewa mwingine. Mke wangu alirudi nyumbani hana raha. Somo lile ndilo roho yake. Nikamwambia awape tu jibu, funika kombe mwanaharamu apite. Alivyonitazama, sikurudia.

Wanafunzi nao wakaanza kuhangaika. Kwanza walilaumu spika, wakaazima kubwa zaidi. Ukumbi ukazidi kunguruma. Hapo wakashtuka. Wakawa wanapiga makofi na kusikiliza, wakagundua kuta tupu zinairudisha sauti na maneno yanapandana. Binti mmoja mpole, aliyekuwa wa kwanza kwenda kushtaki, ndiye aliyebisha hodi kwetu kuomba vitambaa vizito vya kutundika ukutani. Mke wangu, ambaye hajui kunyima, akatoa mablanketi yote. Na baridi ile!

Siku ya maonyesho walimketisha mkuu safu ya nyuma kabisa. Nilikaa kando yake, nimekuja kulinda mali yangu. Binti akasoma kule mbele bila kipaza sauti. Mkuu akasikia kila neno. Mablanketi yakashushwa, akasoma tena. Mkuu akatega sikio, akakunja uso, hakuambulia kitu. Akasimama.

“Na mashuka mepesi je, yangetosha?”

Sote tukamgeukia mke wangu. Yeye akatazama dirishani. Binti akakohoa kidogo.

“Samahani, Profesa. Wewe mwenyewe unaonaje?”

Nilijua tumekwisha. Mkuu alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akavua miwani ajifute machozi. Akavua na koti, akasema basi tujaribu.

Somo limebaki kwa mke wangu, na siku ile nilijivuna utadhani nimefundisha mimi. Shida ni kwamba mkuu amenogewa. Kila wiki anakuja ukumbini na swali jipya, na sasa mashuka yetu nayo yako huko.

Jana, nimejifunika koti kitandani, nilimuuliza mke wangu vitu vyetu vitarudi lini. Alichonijibu mnakijua.